Kiti cha Jumwa

Mboga ilinuka mafuta ya taa, na watu waliokaa mkekani wakajifanya hawasikii harufu. Jumwa ndiye aliyeipika. Alikataa kusaidiwa, akapapasa rafu mwenyewe, akashika chupa aliyoijua kwa umbo lake, akamimina. Kumbe siku hiyo chupa mbili zenye umbo moja zilikuwa zimewekwa pamoja.

Mwanawe Kahindi alimega tonge la sima, akachovya, akatafuna polepole kama anayetafuna mwarobaini. Mkewe Lorna aliinamisha kichwa.

"Mbona hamsemi?" Jumwa aliuliza.

"Tunakula, mayo," Lorna alijibu, akimwita mama kwa Kigiriama.

"Mtu akila kitamu husema. Akila kibaya hunyamaza." Jumwa alivinusa vidole vyake, kisha akaviweka juu ya paja. "Ni mafuta ya taa."

"Kidogo tu, mayo."

"Kidogo! Basi kesho nitawatilia petroli kidogo."

Kahindi alicheka. Alipoona mama yake hacheki, alisogeza bakuli kando. Sima ililiwa kavu. Watoto walikuwa shuleni, na Lorna akashukuru moyoni kwamba wao hawakuonja.

Macho yote mawili ya Jumwa yalikuwa yameingia weupe, kama maji yaliyooshewa mchele. Daktari aliyempima alisema ni mtoto wa jicho, kitu cha kutolewa kwa upasuaji mdogo, lakini kisichelewe. Kwanza Jumwa alipoteza nyuso za watu wa mbali. Halafu akapoteza rangi za ukindu, naye alikuwa msusi wa mikeka aliyejulikana Tarasaa nzima. Sasa alisuka kwa vidole tu, na mistari myekundu iliingia mahali pa myeusi. Wateja waliinunua kwa huruma mikeka hiyo, wakaitandika chini ya magunia. Upasuaji ulihitaji fedha ambazo mahindi na ndizi za Kahindi hazikuwahi kuleta kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo nyumbani kwao, nje kidogo ya Tarasaa, neno upasuaji halikutajwa tena.

Hata hivyo, baada ya ile mboga, Jumwa aliacha kukaribia jiko. Alikaa mlangoni tangu asubuhi hadi jioni, mikono mitupu. Lorna aliona hilo ni baya kuliko mafuta ya taa.

*

Hawo, mwanamke wa Kiorma aliyeleta maziwa, alifika kila asubuhi na kibuyu chake, na kila asubuhi Jumwa alimtukana.

"Umetia maji leo pia?"

"Leo ni maziwa tupu, Jumwa. Wallahi."

"Unaapa haraka hivyo kwa sababu naona giza. Zamani nilikuwa naona chini ya kikombe."

"Zamani ng'ombe alikula majani. Sasa anakula vumbi. Nitafanya nini?"

Walikuwa wakitaniana hivyo miaka mingi. Lakini asubuhi ile Hawo hakuondoka. Alichuchumaa karibu na Lorna, akapunguza sauti.

"Sikiliza, mama. Ijumaa msikitini imetangazwa. Ubalozi wa Waarabu inaleta madaktari ya macho Garsen. Siku mbili, pale shuleni. Bure. Wanaandikisha watu pale sokoni, kijana wetu Nuh."

Lorna aliacha kupepeta. "Ya watu wote?"

Hawo alikuna shingo. "Bango imeandikwa, ndugu zetu Waislamu wa Tana River."

"Basi si yetu."

"Jicho ni jicho."

"Lakini imeandikwa."

"Sasa wewe nisikilize. Ule mwaka wa njaa, wazungu ya kanisa walileta unga. Gunia ilikuwa na bendera ya nchi yao. Mimi nilienda na mtoto mgongoni. Wakasema, kwanza tuimbe. Nikaimba! Nilishika mikono juu hivi, haleluya, haleluya. Nilirudi na unga, nikapika, tukala, nikaswali magharibi. Mungu alinicheka tu."

"Nilikusikia ukiimba," Jumwa alisema kutoka mlangoni, maana masikio yake yalikuwa mazima. "Uliimba vibaya. Ningekuwa mzungu ningekunyima."

Hawo alicheka hadi akashika ukuta. Lorna hakucheka. Alikuwa ameanza kufikiria njia ya sokoni.

*

Lorna alikuwa mtu wa kuona haya. Aliacha shule darasa la tano, na tangu hapo aliamini kila mwenye kalamu anajua zaidi yake. Alipofika sokoni alikuta foleni fupi mbele ya meza, na nyuma ya meza kijana Nuh mwenye kofia nyeupe na simu kubwa mkononi. Alisubiri mpaka wote wakaisha. Hata walipoisha alisimama hatua tatu nyuma.

"Sogea, mama. Jina la mgonjwa?"

"Jumwa Kiti."

Pikipiki tatu zilipita kwa mkupuo zikipiga honi. Nuh alisogeza sikio. "Jumaa?"

Lorna alifungua mdomo. Alitaka kusema si Jumaa, ni Jumwa. Alitaka kusema kwamba wiki ya Wagiriama wa kale ina siku nne, na Jumwa ndiyo ya mapumziko, ambayo jembe haligusi ardhi, na kwamba mama mkwe wake alizaliwa siku hiyo akapewa jina lake. Lakini ni nani amwelezee kijana mwenye simu maneno yote hayo, honi zinalia?

"Ee," alisema.

"Jumaa Kiti. Miaka?"

"Kama sabini."

Fomu haikuuliza kama mgonjwa ni mwanamume au mwanamke. Iliuliza dini. Nuh hakumuuliza Lorna. Mtu anayeitwa Jumaa hahitaji kuulizwa. Alibonyeza mwenyewe, kisha akaandika kadi ya manjano kwa herufi kubwa na kuigonga muhuri.

Lorna aliisoma njiani, akisimama kila neno. JUMAA KITI. TARASAA. MWISLAMU. Aligeuka arudi sokoni. Akatembea hatua kumi. Akaona watu wengine wameshapanga foleni mezani, akageuka tena kuelekea nyumbani, kadi imefungwa kwenye ncha ya leso.

*

"Huu ni uongo," Kahindi alisema. Aliishika kadi kwa ncha za vidole.

"Sikusema uongo. Alisikia vibaya."

"Nawe ukanyamaza."

"Nikanyamaza," Lorna alikiri.

Kahindi alikuwa mtu wa kusoma matangazo kanisani, na habari ya kadi ilimtangulia huko. Jumapili, wakati watu wanatoka, mzee mmoja wa kanisa aitwaye Changawa alimshika bega mbele ya wengine.

"Kahindi, nasikia mama amepata ndugu Uarabuni! Angalia tu. Wakimfungua kitambaa, kitu cha kwanza ataona kibla."

Watu walicheka. Kahindi naye alicheka, kwa kuwa hakujua afanye nini na uso wake. Nyumbani alikataa chakula.

"Serikali za watu hazitoi bure," alimwambia Lorna. "Kila nchi inatafuta watu wake. Hawa wanahesabu Waislamu, wale wanahesabu Wakristo. Mama yangu wakimjua pale mbele za watu, watamfukuza kama mwizi wa kuku. Afadhali abaki na upofu wake kuliko aibu hiyo."

"Upofu wa nani?" Jumwa aliuliza. Wote wawili walidhani amelala. "Kahindi, hayo macho ni yako?"

"La, mama."

"Aibu je, ni yako?"

Kahindi aliinuka akarekebisha utambi wa taa.

"Mimi nimewatilia watu mafuta ya taa kwenye mboga. Aibu yangu imeshapita, iko mbele huko hata siioni. Lorna, siku hiyo unipeleke. Wakinifukuza nitarudi. Njia ya kurudi haihitaji macho."

Hawo alileta buibui lake la sikukuu na mtandio, alfajiri ya siku yenyewe. Alimfundisha Jumwa jambo moja tu. "Wakisema assalamu alaikum, wewe sema waalaikum salaam. Basi. Usiongeze neno."

"Hilo kila mtu wa pwani anajua."

"Nasema usiongeze neno. Mimi najua mdomo yako."

*

Kwenye uwanja wa shule moja ya Garsen palisimamishwa turubai jeupe, na juu ya mlango wa darasa la nane likafungwa bango refu lenye bendera mbili. Wagonjwa walikaa chini kwa safu. Muuguzi alipita akiwatia dawa ya kupanua mboni. Jumwa alitiwa kwenye jicho la kulia, kwa maana kila mtu angefanyiwa jicho moja tu. La pili lingengoja msafara mwingine.

"Msafara mwingine lini?" Lorna aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wanajua wao," muuguzi alijibu, akasonga mbele.

Kahindi alikuja pia, ingawa alisema haji. Alisimama langoni kama mtu anayesubiri gari.

Mwakilishi wa ubalozi alikuwa mtu mnene mwenye miwani na kanzu safi mno kwa vumbi lile. Alisoma hotuba kwa Kiarabu, na Maalim Hiribae, Muorma aliyesomea dini nchi za mbali, akaitafsiri. Hotuba ilisema kwamba nchi yake haiwasahau ndugu katika imani, popote walipo, na kwamba mkono wake ni mkono wa undugu. Watu walipiga makofi. Mpiga picha alisogeza kamera mbele, na Nuh akachukua kipaza sauti na orodha. Wa kwanza angesema neno la shukrani kabla ya kuingia.

"Mgonjwa wa kwanza," Nuh alitangaza. "Jumaa... Kiti!"

Vijana wawili waliokuwa wakihudumu walikimbia, wakaleta kiti cha plastiki, wakakiweka mbele ya kamera. Walimngoja Mzee Jumaa aje akikalie. Hakuja mtu.

"Jumaa Kiti!" Nuh alirudia kwa nguvu.

Wakaleta kiti cha pili, wakidhani cha kwanza hakikutosha heshima. Nuh aliwakodolea macho. "Viti vya nini?"

"Si umesema kiti?"

"Nimeita mtu!"

Kicheko kilianzia safu ya nyuma, kikaja mbele kama upepo.

"Wanamwita nani?" Jumwa aliuliza.

"Wanakuita wewe, mayo."

"Mimi si Jumaa."

"Leo ni wewe. Inuka, tafadhali."

Alimshika mkono, wakatembea mbele ya watu wote, buibui la Hawo likiburuzika kwa kuwa Hawo alikuwa mrefu. Jumwa alipapasa akakuta kiti kimoja, akakaa. Mkono wake ukagusa cha pili. "Hiki cha nani?" alisema, na watu wakacheka tena.

Mwakilishi aliinama. "Assalamu alaikum."

"Waalaikum salaam."

Ingeishia hapo. Lakini mwakilishi aliitazama orodha, akamtazama mgonjwa, akauliza jambo kwa adabu. Hiribae akatafsiri. "Mama, anasema kwao Jumaa ni jina la mwanamume. Anauliza huku kwetu wanawake pia huitwa hivyo?"

Hawo, aliyekuja nao na kukaa pembeni, aliuma ncha ya mtandio wake.

"Mwambie mimi siitwi Jumaa," Jumwa alisema. "Jumaa ni siku yao. Mimi ni Jumwa, siku yetu. Kijana alisikia vibaya, na mkwe wangu ana haya. Si mwizi yeye."

Hiribae alikohoa, akatafsiri yote bila kupunguza. Mwakilishi akavua miwani. Akauliza neno fupi.

"Anauliza dini yako."

"Mwanangu yule langoni ni Mkristo, anasoma matangazo. Mimi nalima. Siku ya Jumwa silimi. Dini yangu ni hiyo."

"Amekula nafasi ya Mwislamu!" mtu mmoja alipaza sauti kutoka nyuma. "Mama yangu ameambiwa orodha imejaa!"

"Nafasi ya nani?" Hawo alisimama. "Mimi ndiyo nilimwambia aje! Na wewe mama yako nilimwambia siku ile ile, akasema anaogopa kisu! Kaa chini!"

Mtu yule alikaa. Lakini manung'uniko hayakukaa. Kahindi alianza kuja kutoka langoni, akipenya katikati ya watu, tayari kumchukua mama yake kabla hajafukuzwa. Nuh alishika kalamu juu ya orodha, hajui akate jina au aliache. Lorna aliiona kalamu ile. Dawa ilikuwa imeshaingia jichoni. Siku kama ile isingekuja tena kwa miaka, pengine isingekuja kabisa.

Ndipo mwakilishi akauliza jambo ambalo halikutarajiwa. Kwa nini vilikuwa vimeletwa viti viwili?

Hiribae alieleza. Jina la baba yake mama huyu ni Kiti, na neno hilo hilo kwa Kiswahili ni kitu cha kukalia. Mwakilishi alisikiliza, akarudia, "Kiti. Kiti," kisha akaanza kucheka, tumbo likitikisika ndani ya kanzu, mpaka akafuta machozi. Alitoa simu, akaenda kando ya ukuta, akazungumza muda mrefu.

"Amecheka nini?" Kahindi, aliyekuwa amefika, alimuuliza Hiribae.

Maalim alijibu kwa sauti ya chini. "Nchi yao inatafuta kiti kwenye lile baraza kubwa la dunia. Wanahitaji kura ya Kenya na kura za nchi nyingine nyingi. Wengine wanawasema huko, ati wanasaidia Waislamu peke yao. Sasa mama yako amekuja mbele ya kamera, si Mwislamu, na jina lake Kiti."

"Kwa hiyo watamfukuza?"

"Wewe ngoja. Anazungumza na balozi."

Wakangoja. Daktari, mwanamke mwembamba mwenye kofia ya kijani, alitokea mlangoni mara mbili akionyesha saa yake. Jumwa alikaa wima, mikono kwenye magoti. Lorna alihesabu nzi kwenye mguu wa kiti.

Mwakilishi alirudi akitabasamu. Mama atatibiwa. Tena atatibiwa wa kwanza. Ila balozi anaomba picha ipigwe upya, na hotuba itafupishwa. Vijana wakapanda kwenye bango. Walilikunja katikati, wakabana mkunjo kwa pini, na neno moja likamezwa na kitambaa. Lorna alisoma polepole: NDUGU ZETU WA TANA RIVER.

"Anasema pia mama avue buibui," Hiribae alitafsiri, akitazama chini. "Avae kama watu wa kwao."

Asubuhi walikuwa wamemvalisha, sasa walimvua. Wanawake walinyanyua leso kumzunguka. Ndani Jumwa alivaa gauni la shambani lililopasuka kwapani, kwa kuwa Lorna alijua litafunikwa. Hawo alimtupia leso yake mabegani ili kufunika mpasuko. Mpiga picha akasema leso inaficha, ishushwe kidogo. Ikashushwa kidogo.

Mwakilishi alitazama, akaona kuna kitu kimepungua. Aligusa kifua chake, akauliza.

"Hana msalaba?" Hiribae alitafsiri. "Wanaweza kumwazima mmoja, kwa picha tu."

Kahindi alikuwa na msalaba mdogo wa mti shingoni. Watu wote walimtazama yeye. Mkono wake ulianza kupanda.

"Hana," Lorna alisema.

Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyoitaka. Mwakilishi, Hiribae, Nuh, wote waligeuka. Masikio ya Lorna yaliwaka moto, lakini maneno yalikuwa yameshaanza kutoka.

"Hajawahi kuvaa msalaba. Na hakuwa wa kuvaa buibui, hiyo nilikosea mimi. Mwandikeni kama alivyo, au msimpige picha. Na jina lake ni Jumwa. Je, u, em, dabliyu, a."

Nuh alifuta, akaandika. Hiribae alitafsiri, na kwa mara ya kwanza siku ile alitafsiri akitabasamu. Mwakilishi aliinua mikono kama mtu asiyetaka ugomvi. Daktari hakungoja tafsiri. Alikuja mwenyewe, akamshika Jumwa kiwiko, akamwingiza darasani, na mpiga picha ikambidi akimbie nyuma yao.

*

Asubuhi ya pili wale wa kamera walikuwa wameondoka pamoja na mwakilishi. Walibaki madaktari, wagonjwa waliofungwa vitambaa, na viti vya plastiki. Pini ya bango ilikuwa imechomoka, na neno lililokunjwa limejitokeza tena, likipepea. Lorna alilisoma, akaangalia safu ya wagonjwa. Mama wa yule aliyepiga kelele alikuwepo safuni humo. Alikuwa ameacha kuogopa kisu. Hakuna aliyemuuliza mtu dini.

Daktari alibandua kitambaa. Jumwa alifumba jicho, akalifumbua, akalifumba tena.

"Mayo?"

"Subiri."

Akafumbua. Jicho jeusi, lenye maji, likamtazama Lorna usoni, likashuka kwenye mikono yake, likapanda tena.

"Umekonda," Jumwa alisema. "Na hili gauni ni la bluu. Ulinidanganya ni la kijani."

"Uliniuliza wakati ambao nilikuwa naharakisha, mayo."

Lorna alikuwa akilia na kucheka, akijifuta kwa ncha ya leso. Jumwa akamgeukia Kahindi, akamwangalia muda mrefu, mvi zake, na msalaba wake wa mti.

"Kumbe umeshazeeka, mwanangu. Na hukuniambia."

Kahindi alipiga magoti kwenye vumbi, akaanza kumfunga mama yake kamba za viatu, ingawa viatu vile havikuwa na kamba.

*

Jumapili Changawa alipofungua mdomo kanisani, Kahindi alimtangulia. "Ameona kibla, mzee. Ameona na wewe pia. Anasema shati lako lina doa."

Nyumbani, Jumwa alikuwa amekaa mlangoni na ukindu mapajani, akitenga mweusi na mwekundu, mwekundu na mweusi, kwa furaha ya mtu anayehesabu watoto wake. Hawo alifika na kibuyu. Alimimina kikombe, akampa. Jumwa alikiinua kwenye mwanga, akafumba jicho la kushoto ambalo bado lilikuwa na weupe, akachungulia kwa la kulia.

"Leo ni mazito," alisema.

"Ni kama kila siku."

"Hawo. Leo ni mazito kwa sababu umesikia nimefunguliwa."

"Astaghfirullah! Mwanamke huyu hana shukrani. Wangekuachia tu giza yako."

Lorna alicheka akiwa jikoni, penye chupa mbili ambazo sasa moja ilifungwa kitambaa chekundu. Kahindi aliketi akisikiliza redio ndogo. Taarifa ilitaja lile baraza kubwa la dunia, na kura ya kiti itakayopigwa kabla ya mwisho wa mwaka.

"Wakipata hicho kiti," Jumwa aliuliza, "watarudi kunifanyia jicho la pili?"

Kahindi alifikiri. Alikuwa mtu mkweli. "Mtu akishakaa, mama, ni nadra kusimama."

Jumwa alikunywa maziwa. Aliyanywa yote, akafuta mdomo.

"Basi Jumapili ijayo kanisani uwaombee wakose."

"Mama! Watu waliokutibu?"

"Na wewe Hawo, msikitini kwenu."

"Niombe wakose?" Hawo alishika kichwa. "Ndugu zangu katika dini?"

"Wakose kidogo," Jumwa alisema, akirudi kwenye ukindu wake. "Kura moja tu. Mwaka ujao wapate."